Marsiana Avuka Mbizi

Marsiana alikuwa akimkorogea mama yake uji wa ulezi simu ilipoita. Alikuwa mdogo wake, Zenon, anayeishi upande wa pili wa milima ya Mbizi.

“Shikamoo dada. Sitaweza kuja. Huku juu umande umeganda, mawe yote yana barafu. Na daraja la barabara ya gari limebomoka.”

“Mama anakutaja wewe tu, Zenon.”

“Mwambie nitakuja baridi ikipungua.”

Marsiana alikata simu bila kuaga. Tangu mama apooze, ni yeye aliyemwogesha, akamgeuza kitandani, akamfulia mashuka. Mahindi yake mwenyewe yalikuwa bado shambani, yanaliwa na mchwa. Na bado mama hakuwa na jina jingine mdomoni ila Zenon.

Asubuhi iliyofuata alimwomba jirani yake Getruda amwangalie mama, akavaa koti la marehemu mumewe, akashika njia ya mlimani.

Barafu ilikuwepo kweli. Nyasi zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na ukungu ulificha hata miguu yake mwenyewe. Karibu na kilele aliteleza juu ya mwamba, akaserereka hadi vichakani, kiganja kikachubuka. Alikaa pale akipangusa damu, na kilichomchoma zaidi ni kwamba Zenon hakudanganya. Njia ilikuwa mbaya. Lakini ilipitika, kwa mtu mwenye nia ya kupita.

Alimkuta Zenon jikoni kwake anaota moto, kiazi cha kuchoma mkononi.

“Dada! Umepitaje?”

“Kwa miguu. Vaa viatu.”

“Ngoja basi jua likolee kidogo...”

“Vaa viatu, Zenon, au nikuburute pekupeku!”

Mke wa Zenon akamletea mumewe koti.

Wakati wa kurudi barafu ilikuwa imeyeyuka, njia imegeuka utelezi mtupu. Zenon alianguka. Marsiana hakumpa mkono. Alisimama akimtazama mpaka alipoinuka mwenyewe.

Mama alipomwona mwanawe machozi yalimtoka. “Mwanangu, umepita kwenye barafu yote ile kwa ajili yangu!”

Zenon aliinamisha kichwa.

“Mama, na mimi nimepita,” Marsiana alisema. “Mimi ndiye niliyemfuata.”

“Wewe umezoea,” mama akajibu bila hata kumgeukia.

Marsiana alichukua ndoo na mashuka machafu, akamkabidhi mdogo wake.

“Haya yafuliwe leo. Maji yako bondeni. Getruda atamwogesha mama. Kupika, kuchota na kufua ni kazi yako.”

“Na wewe, dada?”

“Mimi nina shamba.”

Akatoka. Siku hiyo alivunja mahindi kwa hasira hadi mikono ikavimba.

Zenon alibaki pale mpaka mvua za kwanza, mama alipofariki. Msibani watu walimsifu kwa kumuuguza mama yake. Marsiana aliwasikia akiwa nyuma ya nyumba, anasugua masufuria, akiyagonga kwa nguvu ili asiendelee kuwasikia.