Mashine ya Baba Iliponyamaza

Mimi ni mwanamke fundi umeme wa Butembo, na sijui kujishusha. Nikimaliza kufunga nyaya kwenye nyumba ya mtu, namwita mwenye nyumba, mke wake na jirani yao waje waangalie zilivyonyooka. Mwalimu wangu wa shule ya ufundi alisema kichwa changu kitapasuka kwa majivuno. Basi, haya ninayoandika ni ya kujivunia pia, ingawa katikati yake kuna ujinga wangu, na ni mkubwa.

Baba yangu ana mashine ya kusaga kwenye kilima kimoja upande wa Masereka. Anasaga mahindi, ngano ya huko juu, na muhogo mkavu unaopandishwa kutoka joto la Beni. Tangu kabla sijazaliwa mashine hiyo iliendeshwa na injini ya mazut, yaani dizeli, moja ya zile za zamani zenye gurudumu zito la chuma, inayowashwa kwa kuzungusha mkono hadi mishipa ya shingo isimame. Moshi wake uliupaka rangi ukuta wa nyuma wa nyumba yetu na mapafu ya baba. Mazut ilitoka Butembo ndani ya bidoni nyuma ya pikipiki, na mvua ikiharibu barabara haikufika. Hapo baba alikaa kwenye benchi lake bila kazi, amenuna, na sisi wote tukatembea kwa vidole ndani ya nyumba.

Kisha watu wa kilima wakajenga turbini ya umeme wa maji. Nasema watu wa kilima makusudi, kwa sababu wageni wakipita huuliza ni mradi wa nani, nami nakasirika. Kijito kinaanguka vizuri chini ya mashamba ya viazi. Kila nyumba ilitoa mtu wa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, tukachimba mfereji kwa majembe na mitalimbo msimu mzima, akina mama wakabeba mawe mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mimi nilipanda kutoka Butembo kila mwisho wa juma kuvuta nyaya. Kwenye chanzo cha maji tuling'oa mikaratusi, maana inakunywa kuliko ng'ombe, tukapanda mianzi. Siku taa ilipowaka kwenye chumba cha kuzalia cha zahanati, muuguzi alikaa chini akalia.

Lakini mchana umeme ule ulikuwa mwingi na hauna mtumiaji. Maji yalizungusha turbini, na watu walikuwa shambani. Nilimwambia baba asagie huo. Alikataa. Kwake injini ni kitu unachokiona kinakula na kinafanya kazi. Kitu kisichokula alikuwa hakiamini. Tulibishana tangu viazi vinapandwa mpaka vinavunwa. Mwishowe mvua ikakata barabara kwa muda mrefu kuliko kawaida, akachoka, akaniambia nilete hiyo moteur yangu ya umeme.

Kuwa na vyote viwili hakukuwezekana. Injini ya zamani ilibidi iuzwe ndipo pesa ya mpya ipatikane. Mwanabiashara mmoja wa Beni, Mwislamu mwenye malori ya kakao, ambaye nilikuwa nimemfungia paneli za jua ghalani, aliinunua aipeleke upande wa Mavivi. Nakiri kwamba moshi wake haukufa, ulihama tu. Baba aliisindikiza injini mpaka lori lilipopotea kwenye kona, kofia mkononi. Tangu saa ile, kama mashine yangu ingeshindwa, hakuwa na pa kurudi, na wadogo zangu wawili bado walikuwa shule. Nililijua hilo, nami nikamwambia kwa kiburi kwamba ikishindwa nitaacha ufundi nije kulima viazi vyake.

Kiburi hicho nilikitoa Beni. Nilifanya kazi huko mwaka mzima, nikifunga paneli na feni za kukaushia kakao, na kila mteja alinisifu kwa jambo moja: kwamba vitu vyangu havina kelele. Beni, kwa ajili ya usalama wao, watu wanapenda kusikia nje kukoje. Jenereta ikinguruma uani, hujui nani anapita barabarani, na mama wa huko anataka kujua. Nikajifunza kuuza ukimya kama wengine wanavyouza sabuni. Nilipomaliza kufunga moteur ya baba, ile ya buluu tuliyoipandisha kwa lori kutoka Butembo, nilibonyeza kitufe na kusimama kando kama bibi harusi. Kinu kilivuma, ndiyo, lakini mvumo wake uliishia kwenye ua. Ule mtutumo wa zamani uliotikisa vikombe kabatini haukuwepo. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi.

Baba hakuona tofauti. Masikio yake yalikuwa yameliwa na injini zamani sana. Ndani ya chumba cha kusagia tulizoea kuzungumza kwa vidole: kimoja, unga laini, viwili, wa wastani, ngumi, ngoja. Aliweka kiganja juu ya moteur, akasikia inatetemeka, akatingisha kichwa kwamba ni sawa.

Siku ya kwanza walikuja majirani wa karibu. Siku ya pili akaja mmoja. Kisha hakuja mtu.

Wateja wa baba wengi ni wa vilima viwili vya ng'ambo ya bonde. Hao hawakuonekana kabisa. Juma likapita. Nilipiga simu kwenye karakana Butembo kuomba ruhusa nibaki, na kupata mtandao nilipanda mpaka makaburini, maana kwetu simu inashika hapo tu. Nikaanza kutafuta kosa. Nilipima umeme asubuhi, mchana na jioni. Nilibadilisha mkanda. Nilifungua chujio nikaliosha, nikasaga mahindi yetu wenyewe, nikapika bugali nikaula, ukawa mzuri. Kila kitu kilikuwa kama kwenye kitabu. Baba alikaa kwenye benchi lake amekunja mikono, na safari hii mazut haikuwa na lawama. Alianza kusema kuna mtu anatuonea wivu. Mimi nilikuwa na jibu langu: wanawake wa ng'ambo ni washamba, wanaogopa umeme. Niliwatukana moyoni siku nne nzima, na leo nawaomba radhi.

Siku ya soko nilikutana njiani na mama mmoja wa kilima cha ng'ambo, mzigo wa mahindi mgongoni, jasho linamtiririka. Alikuwa anaelekea senta, mji mdogo wa soko, kwenye mashine nyingine ya mazut, mwendo wa saa mbili. Nilimsalimu kwa hasira. Nikamuuliza kwa nini anatupita hivi wakati mashine yetu iko wazi.

Alinitazama kwa huruma, kama anayempa mtu pole ya msiba.

"Moteur yenu si ilikufa, mama? Siku mingi hapana tunaisikia. Zamani tukiisikia, tunaanua muhogo, tunakuja. Sasa mutu atashuka hii bonde yote, apande, akute mulifunga?"

Nilisimama pale njiani na bisibisi yangu mfukoni, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwetu hakuna anayeangalia saa kujua kama mashine imefunguliwa. Baba hufungua akimaliza palizi, au mvua ikimfukuza shambani, au akijisikia tu. Mwanamke wa ng'ambo anaanika muhogo wake, anafanya kazi zake, na sikio lake liko huku. Injini ikianza kututuma, mabonde yote yanajua. Nilikuwa nimekulia ndani ya kelele hiyo, nimeilalamikia utoto mzima, na sikuwahi kufikiri kwamba inafanya kazi ya pili. Ukimya nilioupenda Beni niliubeba mpaka kwetu bila kuuliza mtu, nao ukamfungia baba mlango.

Nilirudi nyumbani na yule mama, nikamsagia mahindi yake ya kwanza kwa mikono yangu. Kisha nikamweleza baba, karibu na sikio lake. Uso wake ukang'aa, akasema:

"Basi tutafute moteur kadogo ya mazut. Hapana ya kusaga. Ya kupiga makelele tu."

Alikuwa hatanii. Alishaanza kuonyesha pembeni mwa ua ingewekwa wapi. Nilimwambia kwamba sitachoma mazut tena mahali hapa kwa ajili ya kelele, hata akiniondoa kwenye ukoo. Akasema mimi ndiye niliyeleta ububu ndani ya nyumba yake. Alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli nilipiga mlango na kuondoka. Hatukuzungumza mpaka kesho yake.

Tulijaribu mengine. Katekista alitangaza kanisani baada ya misa, na watu wakasikiliza vizuri, lakini tangazo la Jumapili halikwambii Jumatano saa ngapi mzee atatoka shambani. Nilitundika jante, ringi ya chuma ya gurudumu la lori, kwenye mti nikaigonga kwa nyundo, na shule nzima ikatoka mbio kwenda nyumbani, maana kengele yao ni jante pia. Mkurugenzi wa shule alikuja mwenyewe kutuomba tuache. Nikapandisha mfuko mweupe wa unga kwenye mwanzi mrefu kama bendera. Huko kwetu ukungu haujui kuondoka kabla ya adhuhuri, na bendera yangu niliiona mimi peke yangu.

Mama yangu alikuwa akituangalia muda wote huo. Asubuhi moja aliweka chini ungo wake wa maharagwe, akaniuliza kama umeme upo. Nikasema upo. Akajifuta mikono, akaenda mpaka ukingo wa ua ambapo ardhi inakatika na bonde linaanza, akaweka kiganja kando ya mdomo, akaita.

Lazima nieleze sauti hiyo. Mwanamke aliyezungumza na mume wake miaka yote hiyo akishindana na kelele za injini ya mazut ana kifua ambacho hakuna shule inayokifundisha. Aliita kwa Kinande, polepole, akivuta mwisho wa kila neno ili bonde lisilimeze. Alimwita mwanamke mmoja wa ng'ambo kwa jina la kifungua mimba wake, akamwambia mashine inasaga, alete muhogo wake, na tena amwambie kikohozi cha mtoto kimefika wapi. Kisha akangoja. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata mikaratusi ya chini.

Jibu likaja. Dogo, jembamba, lakini lilikuja: kikohozi kimepungua, muhogo unakuja. Na baada yake tukasikia sauti ileile ya ng'ambo ikigeuka na kupanda juu, kwa kilima cha pili, ikipeleka habari ya mashine mbele.

Baba hakusikia kitu. Nilimshika mkono nikamwonyesha kwa vidole akae tayari. Tulisimama mlangoni muda mrefu. Wa kwanza alitoka ndani ya ukungu akiwa ameinama, kamba kwenye paji, nyuma yake wa pili, nyuma yake watatu pamoja. Kufika mchana msururu ulifika barabarani na baba alikuwa amepauka unga mpaka kwenye nyusi, akiwagombeza wanaosukumana. Niliingia nyuma ya sanduku la fyuzi nikalia kwa furaha, na sioni haya kuliandika.

Kuna jambo sikulitarajia. Wanawake wale, wakingoja zamu, walianza kuzungumza ndani ya chumba cha kusagia. Miaka yote walikuwa wakikaa humo na vidole vyao, wakitoka nje wapate kusemezana. Sasa walicheka, walipanga ndoa za watoto wao, walimsema padri. Baba alilalamika kwamba nimemgeuzia mashine kuwa soko. Alilalamika hivyo kwa kila aliyepita, na aliyepita alijua kuwa anajisifu.

Tangu hapo mama anaita kila siku ya kusaga, na ng'ambo wanapokezana. Miezi kadhaa baadaye alikuja mwenye ile mashine ya senta, mzee wa makamo na koti zuri, amechoka na mazut yake. Alizunguka moteur mara mbili. Aliweka kiganja juu yake. Aliniuliza kama maji yanatosha kiangazi, nikamweleza habari ya mianzi ya chanzo, akasikiliza lakini macho yake yalikuwa kwa baba, kama wanaume wa rika lake wafanyavyo. Alikuwa na swali moja lililomsumbua, na alilipeleka kwa baba kwa sauti kubwa, karibu na sikio.

"Lakini, mzee, batu batajuaje kama uko nasaga? Makelele unaitoa wapi?"

Baba alijipangusa unga usoni bila haraka. Hakuwahi, mbele ya mwanaume mwenzake, kusema kazi ile ni ya nani. Watu wakimuuliza alikuwa akijibu kwamba ni mafundi wa Butembo.

"Ya moteur, uliza binti yangu huyu. Ni yeye njo aliifunga, mimi nilikataa. Lakini ya sauti," akasema, akinyoosha kidole kwa mama aliyekuwa anapepeta maharagwe, "kila mutu alichagua yake siku ya ndoa."

Wanawake waliokuwa kwenye zamu walicheka mpaka mmoja akamwaga mahindi. Mama hakuinua kichwa, alisema tu mgeni apewe kiti. Mimi nilitoa daftari langu nikamuuliza yule mzee nguzo ya mwisho ya umeme iko umbali gani na kwake. Alipojibu, niliandika kwa herufi kubwa, ili na jirani aone.