Jua Lililoshuka Kwenye Karatasi

Juu ya kilima, karibu na mgodi wa Geita, mpima miamba mmoja wa Kizungu alijenga kijumba cha mawe chenye paa la bati linalozunguka. Mwanzoni kilikuwa cha kurekebishia saa za mgodi kwa kuzifuata nyota. Baadaye, labda kwa upweke, akawafungulia watu wote mlango kila Jumapili alasiri. Wachimbaji, wauza dagaa, makatekista, wote walipanda kwenda kuliona jua kwa darubini.

Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nimeshiba elimu kama gunia la mtama. Mama alikuwa amekuja kutoka Didia na wasiwasi wake: kesho yake mdogo wangu angeteremka shimoni kwa mara ya kwanza. Kila alfajiri mama aliweka maji mdomoni, akayapuliza kuelekea mashariki, akalitajia jua majina yetu. Sasa aliuliza jua litamwonaje mtoto aliye chini ya mwamba. Nikamwambia twende kilimani akaliombe kwa karibu. Niliona ni mzaha mzuri wa kisomi.

Ndani kulikuwa na giza. Darubini ilimwaga duara jeupe juu ya karatasi, na ndani ya duara, madoa meusi. Mama aliganda. Kucha zake zikaniingia mkononi.

“Ndilo lenyewe hili?”

“Ndilo, mayu,” nikamjibu mama.

Akapiga funda la maji kutoka kibuyu alichokuja nacho, na kabla hatujamzuia akalipulizia jua usoni, kama apuliziwavyo mgonjwa. Karatasi ikalowa, ikajikunja. Mzungu akaikimbilia karatasi yake. Nami nikaanza somo: madoa hayo huja na kuondoka, si kitu.

“Kumbe ulijua linaumwa,” mama alisema kwa sauti ndogo, “ukaniacha nimkabidhi mdogo wako kwa mgonjwa?”

Nikaanza tena somo langu, naye mama alikuwa ameshafika mlangoni.

Aliteremka moja kwa moja hadi kambi ya wachimbaji. Nilipofika, wachimbaji walikuwa wamemzunguka. Mdogo wangu, aliyeicheka wiki nzima mikono yangu laini, alikuwa amekaa chini.

“Kaka, umeyaona hayo madoa ya jua kwa macho yako?”

Nikasema ndiyo, kisha nikaongeza sentensi kadhaa ndefu na sahihi. Alisikia ndiyo tu.

Akaenda kurudisha kofia ya shimoni. Msimamizi, Mzungu mwingine, akamuuliza anaogopa nini. Mdogo wangu akanigeukia mimi, msomi wa familia, nimsemee. Nikakohoa, na kwa Kiingereza safi kabisa nikamweleza msimamizi kwamba jua linaumwa.