Namba Iliyokwisha Kutumika

Mama yangu huniita mara mbili. Hata tukiwa tumekaa pamoja sebuleni, ataita jina langu, nitaitika, naye ataliita tena kana kwamba sijasema kitu. Utotoni, kwetu Kihesa, Iringa, watoto wa jirani walinicheka kwamba mimi ni kiziwi. Kiziwi gani? Nilikuwa nikiitika mara ya kwanza, tena kwa sauti.

Jina lenyewe si langu peke yangu. Kabla yangu alizaliwa kaka, akafariki akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nilipozaliwa mimi, bibi akasema jina lisipotee, nikapewa. Haya niliyajua siku tulipokwenda kijijini kupalilia makaburi. Nilikuwa nimetoka kujua kusoma na nilisoma kila kitu, hadi mifuko ya mbolea. Nikasoma msalaba mmoja, nikakuta nimezikwa. Watu wazima walicheka mpaka wakashika majembe wasianguke. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo nikawa na wivu na mtu ambaye sikuwahi kumwona, na nikatamani, hata mara moja tu, mama aniite mimi.

Sasa naishi Mbeya na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Mwaka huu fundi simu mmoja wa Mwanjelwa aliniomba nimtengenezee programu ya kutunza simu za wateja: simu ikipona, mwenyewe anatumiwa meseji aje aichukue. Kazi ndogo, nikasema. Kila simu iliyoingia niliitambua kwa namba ambayo lugha yenyewe ya programu hukipa kila kitu, namba inayotokana na mahali kitu hicho kilipokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mteja akichukua simu yake, naifuta kwenye programu.

Wiki ya pili, nikiwa pale kwa fundi, akaja mama mmoja kutoka Chimala, kashika simu mkononi.

"Mwanangu, mmenitumia meseji simu yangu imepona," aliniambia. "Simu yangu si nilishachukua? Hii hapa. Nikasema labda mmeipata ile niliyoibiwa, yenye picha za marehemu mume wangu. Nimefunga duka nimekuja."

Fundi akanigeukia. "Bwana mkubwa, programu yako inafufua simu?"

Nikakaa kutafuta kosa, na haikuchukua muda. Kitu kikifutwa, mahali pake hubaki wazi, na kitu kipya kikiingia pale kinaweza kupewa namba ileile. Simu ya mtu mwingine kabisa ilikuwa imepewa namba ile ambayo programu iliipa kwanza simu ya yule mama, naye sikuwa nimemfuta kwenye orodha ya meseji; basi meseji ikafuata namba, ikamkuta aliyekwisha kuondoka. Nilimwomba radhi. Akasema hakuna neno, akatoka taratibu, na simu yake bado kaishika mkononi.

Nikaandika upya. Sasa kila simu hupewa namba inayofuata, haturudi nyuma, na simu ikiondoka inaondoka na namba yake. Fundi akalalamika kwamba namba zitaisha. Nikamjibu kwa ukali kwamba namba haziishi, na kwamba namba iliyokwisha kuwa ya mtu haipewi mwingine. Alinitazama akashangaa nimekasirikia nini. Nilijua. Mwisho wa juma nikaenda Iringa.

Nilimkuta mama uani amejifunga shuka la baridi, anachambua maharage. Nikamwamkia, nikaketi kumsaidia, nikamsimulia habari za simu. Alicheka pale fundi aliposema nafufua simu. Nilipofika kwenye zile picha akaacha kucheka.

"Maskini," alisema. "Kafunga na duka."

Nikaona nikinyamaza hapo sitauliza tena maishani.

"Mama, ukiniita, unamwita nani?"

"We naye! Kwani hapa kuna nani mwingine?"

"Mbona unaita mara mbili?"

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Ya kwanza ya kaka yako," alisema. "Ningefanyaje, mwanangu? Bibi yako alishasema, na jina ni lake. Nikikuita wewe tu nitakuwa nimemnyang'anya. Basi namwita yeye kwanza, ajue sijamsahau. Halafu ndiyo nakuita wewe. Ile ya pili ya kwako, hajawahi kuitwa mtu mwingine."

"Lakini mimi naitika ya kwanza."

"Unaitika, ndiyo. Zamani ilikuwa inaniuma, naona kama kaitika yeye. Ila mtoto mdogo utamwambia nini?" Akarudi kwenye maharage. "Hilo bovu, toa."

Nililitoa. Miaka yote hiyo nilitamani kitu nilichokuwa nikipewa kila siku, sekunde chache tu baada ya mimi kupiga kelele. Nililia kidogo pale uani, na mama akajifanya haoni.

Asubuhi nikiwa bado kitandani nilimsikia jikoni anapanga vikombe, kisha akaita. Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga, nikalala kimya, nikampisha kaka yangu. Jikoni nako vikombe vikatulia.

Kisha mama akaita tena, nami nikaitika, "Naam, mama."