Gérant wa Sauti Laini

Kila Jumatatu asubuhi, gérant, yaani meneja, wa benki moja ya Kimemi, Butembo, huwakusanya wafanyakazi wake huku akijipaka mafuta mikononi, kidole kwa kidole. "Hapa kwetu violence hapana," huwaambia kwa sauti ya kuungamisha. "Mutu akikugusa, uniite tu."

Joyeuse wa guichet, dirisha la kuhudumia wateja, alimwamini. Mfanyabiashara mmoja tajiri alipomzaba kofi kwa sababu réseau, mtandao wa benki, ilikatika, Joyeuse alimwita gérant. Gérant alitoka mbio, akampita Joyeuse bila kumtazama, akaukumbatia mkono wa mteja kwa mikono yake miwili. "Pole sana, patron. Mukono yako haiumi?"

Shavu la Joyeuse liliwaka upya. Akafunga guichet. Wenzake nao wakafunga zao, na foleni nzima ikamgeukia gérant, ambaye bado alikuwa akiupapasa ule mkono.