Mzee Aliyeona Mabao Kabla Yetu

Siku moja, mwanangu, niliambiwa kwamba kijijini Chiola yupo mzee anayeona mabao ya Kombe la Dunia kabla hayajafungwa, nami nikaamini bila kubakiza hata punje. Shule ya jioni nilikuwa sijaianza, lakini nakwambia hata waliosoma mchana waliamini. Cheka, ila cheka polepole. Siku hizi mgongo unauma na kelele siziwezi.

Tulimwita Mzee Chitanda. Alikuja kwa baiskeli hadi kibanda cha video pale Nachingwea mjini, akakaa benchi la nyuma, kofia ya sufu imemfunika masikio, maana baridi yetu ya Julai ingeweza kukugandishia uji mdomoni. Siku niliyomshuhudia, timu ya Afrika ilikuwa inacheza na Wazungu. Winga wetu alikuwa bado anahangaika na mpira katikati ya uwanja, dalili yoyote hakuna. Mzee akasema taratibu, "Bao."

Tukageuka kumtazama. Tuliporudisha macho, yule kijana kapiga shuti la mbali, mguu wa kushoto, kipa kasimama kama nguzo ya simu, nyavu nusura zihamie kijiji cha pili. Mabao nimeyaona mengi, lakini lile hadi leo nikifumba macho linaingia. Kuku wa jirani, nakuapia, hawakutaga mwezi mzima kwa zile kelele.

Vijana wakaanza kumtania, eti mzee, tuangalizie na mvua. Yeye akacheka tu, akaivuta kofia. Mimi sikutania, nilikuwa na jambo langu.

Mama alikuwa Ruangwa akimuuguza dada yangu, na mikorosho yake yote ya Nambambo aliniachia mimi. Maua yalikuwa yameanza. Mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, tuliitumia kwa zamu na majirani, na zamu yangu ilikuwa kesho yake alfajiri, umande ukiwa bado majanini. Kazi hiyo unaijua: unaamka gizani, unarudi umemeza vumbi la njano la kutosha kupuliza mti mmoja kwa kupiga chafya. Basi nikamsogelea mzee, nikamuuliza kama ubwiri, ule ugonjwa unaounguza maua, utakuja mwaka huu.

Akanitazama. Nadhani sifa zilikuwa zimeshamkolea.

"Mwaka huu hauji," akasema.

Nikaiacha mashine iende kwa jirani. Nikalala.

Ukaja. Maua yakavaa unga mweupe, yakasinyaa, yakawa meusi kama yamepitiwa na moto. Mama aliporudi alipita mti kwa mti, akiyagusa, yakipukutika mkononi mwake. Jioni akapika, akanipakulia, akaniita nile. Heri angenichapa, mwanangu. Uchovu niliouona usoni mwake ninaubeba mpaka leo, na sasa nimeuongezea wa kwangu.

Ndiyo maana ukinionyesha kwenye simu huyo bwana anayejua nani atafunga kesho, nachoka kabla hujamaliza. Huenda kapatia kweli. Muulize kapatiaje, kabla hujamkabidhi jambo jingine. Mtu akijua mpira, mwachie mpira. Ya shamba lako nenda kayaangalie mwenyewe, mapema, wakati bado una nguvu za kuamka. Mungu akupe macho ya kuona na magoti ya kukufikisha, na mama yako asishike maua makavu kwa sababu yako.

Mzee Chitanda alikuja kutupa pole. Alisimama shambani, akavua ile kofia. Sikioni mwake kulikuwa na waya mwembamba, umeshuka hadi mfukoni, kwenye redio ndogo.

"Redio inawahi kuliko picha ya televisheni, mwanangu," akasema. "Ya mikorosho nilikisia tu."