Kompyuta Iliyoanikwa Juani

Eustace wa Bigwa aliumaliza ujana wake akiwa karani wa stoo kiwandani, mpaka kiwanda kikabinafsishwa na yeye akapunguzwa pamoja na wenzake. Miaka saba akahangaika na mitumba. Kwa hiyo mwaka 2004, mradi mmoja wa afya ulipomwajiri apite kwa akina mama wa milimani Uluguru, awaulize habari za watoto waliowazaa na waliowazika, aliipokea kompyuta ya mkononi ya kujazia majibu kama mtu anayepokea komunyo. Wenzake vijana walimcheka eti anaishika kama yai bichi. Aliwaacha wacheke, wao hawajawahi kupunguzwa.

Kijijini alifikia kwa Bi Mwajuma, mjane mkulima wa ndizi. Alimhoji wa mwisho kabisa, kwa aibu tu, maana alikuwa akila kwake. Mama yule alizaa sita, akazika wawili. Alijibu yote, akafuta macho kwa pindo la khanga, akaomba asiulizwe tena habari hizo maishani. Eustace akaahidi, na kwa kuona haya akaizima kompyuta haraka, akasahau kuhifadhi majibu.

Asubuhi alilalamika kwamba betri inaisha, kisha akaenda mtoni kuoga. Bi Mwajuma, ambaye betri za redio yake huzianika juani zikapata nguvu tena, hakuwa na la kujiuliza. Aliiweka kompyuta kwenye ungo pamoja na makopa ya mihogo, akaendelea na kazi zake.

Eustace aliporudi aliikuta ya moto kama kifuniko cha sufuria. Kioo kimeganda, haisikii kijiti chake cha kugusia wala kitufe. Majibu ya nyumba thelathini na nane yalikuwa humo, na yeye alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Akakumbuka mafunzo: nyuma kuna kitundu, ukikichoma na kitu chenye ncha inajiwasha upya, lakini ukichoma huku umebonyeza kitufe cha kuwashia, kila kitu kinafutika. Bi Mwajuma alichomoa pini kwenye ushungi wake akampa. Waliisubiri ipoe kivulini. Eustace akaweka vidole mbali na kile kitufe, akachoma.

Ikawaka. Nyumba zilikuwa thelathini na saba. Iliyokosekana ni ya Bi Mwajuma.

Hapo shetani alimjia. Wapo wadodosaji waliopika majibu wakiwa wamekaa kivulini, na hakuna aliyewagusa. Majibu ya mama huyu alikuwa nayo kichwani, angeyaandika mwenyewe na ahadi yake ingebaki salama. Akaanza. Wa kwanza Hamza, miaka miwili, surua. Wa pili jina halikuja. Jana tu lilitamkwa mbele yake kwa machozi, na leo halikuja. Hakuwahi kujiona mtu duni kiasi kile, hata siku aliyopewa barua ya kupunguzwa.

"Mama," alisema, "majibu yako yamepotea. Na jina la mtoto wa pili nimelisahau."

Bi Mwajuma alikaa chini karibu na ungo. Eustace akamwambia kwamba hatamuuliza. Ataacha nafasi ile wazi na kuwaeleza wakubwa zake.

"Usiache wazi, baba," mama akasema. "Andika Salehe. Aliishi siku tisa. Hajawahi kuandikwa popote."