Mbwa Aliyejifunza Kunyamaza

Jana hapa mjini Kasongo, mtoto wa mpangaji mwenzangu alikuwa anacheza uani na mbwa mchanga. Mbwa anauma kidole, mtoto anacheka, mbwa anabweka mpaka masikio yanaziba. Majirani walinuna. Mimi, rafiki yangu, nilisogeza kiti karibu.

Kwetu kijijini Wamaza mbwa hawakuwa wa kelele. Walikuwa mbwa wa mawindo, wakifungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji awasikie porini, maana wenyewe hawabweki. Basi mjomba alipotoka Salamabila na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, nacho kikabwekea kuku, kinu, hata moshi wa jikoni, nyanya alikitazama kwa jicho baya. Hata mjomba nyanya hakumwamini aliposema kwamba amepewa tu. Nani anatoa mbwa bure? Miaka ile ya vita nyanya alishuku hata pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya kiwanja.

"Hii mutoto ya mbwa iko na kinywa mubaya," alisema akimenya mihogo. "Siku tutakimbia mu pori, itatuonyesha kwa watu. Kama haijue kunyamaza, itabakia huku."

Hakuwa anatania. Tulikuwa tumeshajificha porini zaidi ya mara moja, na kila mtu alijua kikohozi kimoja kingetuponza. Niliogopa sana. Nilimpenda yule mbwa kupita kiasi.

Jirani yetu mwindaji ndiye aliyenifundisha kumtuliza. Usimpige, alisema, atadhani mchezo umekolea. Akiuma, toa mkono, mpe gunzi la mahindi atafune. Akibweka, simama kimya, mgeuzie mgongo. Akinyamaza, rudini mchezoni. Ilikuwa kazi! Miguu yangu ilijaa mikwaruzo, na kila nilipotaka kumhurumia mbwa, nyanya alinikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mbwa alipoanza kutulia, nyanya alipita na beseni la mihogo iliyolowekwa, harufu ikimtangulia, akaguna: "Mm. Anajifanya tu."

Siku ya kukimbia ilitukuta shambani tuking'oa karanga. Tulilala kifudifudi kwenye majani marefu, watu tusiowajua wakapita njiani wakizungumza. Nyanya alikuwa ameubana mdomo wa mbwa kwa mkono wake; bado alimshuku. Polepole akaulegeza. Mbwa alitetemeka mwili mzima, sauti hakutoa. Tulipofika mahali salama, nyanya alimkatia kipande cha kwanga yake mwenyewe, ule mkate wa mihogo unaofungwa kwa majani.

Utulivu uliporudi nilimchokoza uani kwa mkono mtupu, nikitaka aume kidogo, abweke kidogo. Alinitazama tu.

"Sasa umufundishe tena kulia," nyanya alicheka.

Nilipiga magoti nikabweka mimi. Mbwa aligeuza shingo, akatazama njia.

Aliishi nasi mpaka uzee. Nyanya ametutoka, na kiwanja chetu kimeota nyasi. Lakini ninachokikosa kuliko vyote ni kelele za yule mbwa za siku za kwanza, alipokuwa hajajua bado kwamba kuna watu wa kuogopa.